Mizani ya Tisa

Zamoyoni bin Sefu alirudi kutoka Vita vya Mjerumani na vitu viwili: mguu wa kuburuta, na utenzi. Mguu aliuzoea. Utenzi ilibidi watu wa Shinyanga wauzoee, maana hata mwaka wa 1934, akiwa mlinzi wa ghala la pamba, alikuwa bado anautunga, kwa herufi za Kiarabu, juu ya karatasi za kufungia sukari alizopewa na Ramniklal mwenye duka.

Alikumbuka tarumbeta ya alfajiri, nyimbo za safari, uji wa mtama kule Rufiji. Aliitamani miaka ile, Mungu amsamehe, kwa kuwa ndimo ujana wake ulimobaki. Kila mwenzake kikosini alikuwa na ubeti wake. Mmoja tu alikosa jina: mpagazi wa Kisukuma asiye na dole gumba, aliyembeba siku mbili mguu ulipovunjwa na risasi, kisha akafa kwa homa. Askari hawakuwa wakiwauliza wapagazi majina. Aibu hiyo ilimkereketa kuliko mguu.

Wiki ya Maulidi alikuwa akijaribu kuughani ubeti wa mpagazi huyo barazani kwa Ramniklal. Mbuke, muuza maziwa, akatua kibuyu chake, akamgeukia Zamoyoni.

"Baba Mwaisha, huyo asiye na dole gumba, lilikuwa la kushoto?"

"La kushoto. Umejuaje?"

"Alilikata kwa shoka, akijenga zizi letu." Akakaa chini. "Ni mume wangu, baba Kulwa. Machibya wa Ibadakuli. Nimemngoja miaka kumi na saba."

Zamoyoni alilia bila kujificha. Kisha, kwa mazoea, akahesabu kwa vidole: Machibya wa Ibadakuli, mizani tisa. Kipande cha utenzi huchukua nane, na Muhidini, bingwa wa washairi mjini, aliwahi kumwumbua mtu hadharani kwa mizani moja tu.

"Nikiiacha Ibadakuli je?"

"Akina Machibya ni wengi," Mbuke akasema. "Watajuaje ni wangu?"

Siku ya Maulidi, baada ya karamu, Zamoyoni alighani, Mbuke akisikiliza nje ya ua. Kwenye ubeti ule vidole vya Muhidini, vilivyokuwa vikihesabu mizani, vikasita.

"Zamoyoni, kipande hicho kimezidi."

"Kimezidi," akajibu. "Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake, Muhidini. Nami nilizidi. Hakunitua."