Yeyo na Mama

Watu wakisikia nafanya kazi katika maabara ya vinasaba vya kisukari, huniuliza kama nina dawa. Sina. Nina friza mbili, jenereta lenye kelele, mashine ya kusoma vinasaba ndogo kuliko jiko la mkaa, na ulimi ambao mkuu wangu wa kazi anasema ungefaa kuhifadhiwa kwenye hizo friza. Zamani damu za watu wetu zilisafirishwa ng'ambo zikasomwe na watu wasiojua Oldonyo Sambu iko upande gani wa Mlima Meru. Siku hizi tunazisoma wenyewe, hapa hapa Arusha, na nikilikumbuka hilo asubuhi ninapovaa koti langu jeupe hujiona mrefu.

Kazi ninayojivunia kuliko zote ilianza na binti wa kidato cha pili kutoka huko Oldonyo Sambu. Alianza kuchomwa insulini akiwa darasa la tatu. Daktari wa kliniki aliingiwa na shaka, kwa sababu dozi iliyomtosha ilikuwa ndogo mno kwa mtoto aliyedhaniwa mwili wake hautengenezi insulini kabisa. Ipo aina ya kisukari inayotokana na hitilafu ya kinasaba kimoja tu, inayorithiwa kwa mzazi, na baadhi ya wenye aina hiyo huweza kuacha sindano wakameza vidonge. Tulisoma damu ya binti tukakuta badiliko katika kinasaba kimoja cha namna hiyo. Lakini huwezi kumwachisha mtoto sindano kwa kubahatisha, ukikosea unaweza kumuua. Tulihitaji kuona kama badiliko hilo linafuatana na ugonjwa katika familia. Baba alikuwa ameshafariki, basi tukamtuma muuguzi wetu akachukue damu ya mama.

Muuguzi alirudi na mrija mmoja na habari kwamba mama ni mzima, hana sukari. Tulipousoma, badiliko halikuwepo. Hilo halikutushtua, pengine mtoto alirithi kwa baba. Kilichotushtua ni kipimo cha kulinganisha, kilichosema wazi kwamba huyu hakumzaa yule.

Kwenye kikao cha mtandaoni, mtaalamu mmoja wa ng'ambo tunayeshirikiana naye alisema kwa upole kwamba bila shaka mirija imechanganywa, jambo la kawaida kwa maabara changa. Akashauri familia hiyo iondolewe kwenye utafiti. Moto ukanipanda. Mirija naipokea mimi, lebo nabandika mimi, na anayegusa rafu yangu bila ruhusa anajua atakachosikia. Nikamjibu kwamba maabara ni changa, ila mimi si mchanga. Mkuu akakohoa. Kikao kilipokwisha akaniambia kwamba kama nina uhakika kiasi hicho, niende Oldonyo Sambu mwenyewe, maana binti akiondolewa leo, ataendelea na sindano maisha yake yote.

Njiani hasira iliisha, hofu ikachukua nafasi yake. Kama mirija haikuchanganywa, basi nilikuwa nimebeba siri ya nyumba ya watu. Labda mtoto aliokotwa na hajui. Nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena.

Mwenyeji wangu, yule mama aliyetoa damu, alinipokea kwa chai ya maziwa. Binti alikuwa shuleni. Nilimwamkia, "Shikamoo, yeyo," maana ndivyo Waarusha wanavyomwita mama, kisha nikazunguka mbuyu mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikamwuliza kama binti alizaliwa pale pale nyumbani. Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Mimi ni yeyo wake," alisema. "Aliyemzaa ni mdogo wangu, yuko Moshono, fundi cherehani. Kwani mlimtaka yupi?"

Nikamwambia muuguzi aliulizia mama.

"Aliuliza yeyo. Mtoto akanionyesha mimi. Angemwonyesha nani, na sindano zote nachoma mimi?"

Muuguzi wetu ni Mchaga anayejivunia Kimaasai chake cha kuokoteza, lugha ambayo Waarusha nao huizungumza, na siku hiyo alikuwa ameamua kukionyesha. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siri niliyokuwa naiogopa ilijulikana kata nzima, na binti mwenyewe aliijua tangu akiwa mdogo. Kwa binti, yeyo alikuwa mmoja na mama alikuwa mwingine, na wote walikuwa wake. Nyani haoni kundule: mimi Mmeru, ninayemwita mama kila dada wa mama yangu, nilihitaji mashine kunikumbusha desturi ya kwetu.

Kesho yake nilikwenda Moshono. Mama mzazi alikuwa akimeza vidonge vya sukari kwa miaka, na vilimtosha. Tulisoma damu yake tukakuta badiliko lile lile. Yule mtaalamu wa ng'ambo aliandika kuomba radhi, kisha akaomba tumfundishe namna tunavyouliza habari za undugu. Barua pepe yake niliisoma kwa sauti, mara mbili, mbele ya muuguzi.

Siku ya majibu walikuja kliniki wote watatu. Mama mzazi aliposikia kwamba ugonjwa umetoka kwake alijifunika uso kwa kanga. Dada yake akauliza kama damu yake yeye ilipotea bure. Nikamwambia hapana. "Ninyi ni dada wawili, mwenye badiliko anaumwa na asiye nalo ni mzima, na bila wewe tusingekuwa na wa kumlinganisha naye." Alitikisa kichwa kukubali, akamshika mdogo wake mkono.

Daktari alimbadilishia binti dawa taratibu, huku akimpima kila mara. Asubuhi moja simu yangu iliita nikiwa maabara. Alikuwa yeyo. Alisema sukari imekaa sawa, sindano zimekoma kabisa, na binti amemeza kidonge chake akakimbilia shule.

"Nimeamka alfajiri nikanawa mikono," alisema, "halafu nikakumbuka hakuna wa kumchoma. Nimekaa tu hapa."

Akalia. Nami nikalia kwa furaha na fahari, wenzangu wote wakiniangalia.