Risasi za Bunduki ya Baba

Kwetu magharibi, mzee mwenye bunduki hazikwi kimya. Mwanawe wa kiume husimama kando ya kaburi akapiga risasi moja juu, ili mauti yaliyoingia bomani yashtuke, yaende zake. Baba yetu alizikwa kimya. Bunduki yake ilikuwa imefungiwa kituoni, ikingoja kibali kihamishiwe jina la kaka yangu, na polisi hawana haraka na matanga ya mtu. Wazee wakasema si neno, itapigwa siku ya kumaliza matanga, bora tu ipigwe. Mama akalishika neno hilo. Kila asubuhi pale Dandora, Nairobi, tulikokuwa tukiishi, akichochea makaa nje ya mlango, aliniuliza, "Kibali kimetoka?"

Kilitoka mwaka uliofuata. Kaka akaileta bunduki nyumbani imeviringishwa blanketi, tukaifungia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda chake. Ilikuwa shotgani ya mitutu miwili, kuukuu kuliko baba mwenyewe. Baba alikuwa msimamizi wa shamba la mzungu, na mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia. Chuma chake kilikuwa na michirizi kama kiondo kilichosukwa. Baba aliitumia kufukuzia nyani, na nilikuwa nikimwona akichagua risasi, moja moja, akizinusa, akizibonyeza, nyingine akizitupa. "Huyu ni mzee," alikuwa akisema, "hali chakula cha vijana." Nasi tukicheka. Laiti tungemwuliza maana yake! Alipokufa, risasi zake zilizobaki zilikuwa za karatasi, zimevimba kwa unyevu, haziingii hata kwa kusukumwa.

Kaka akanunua mpya mjini, za plastiki nyekundu, zinang'aa. Baba mdogo, aliyekuja kutoka nyumbani kusimamia mambo, akaikunja bunduki ikafunguka, akatumbukiza moja kwenye tundu la mtutu. Iliingia bila kelele.

"Mnaona? Imeingia yenyewe. Kinachoingia ni chake."

Mama akapiga kigelegele. Mimi sikupiga. Kaka yangu alifanya kazi kiwanda cha misumari mtaa wa Baba Dogo, na Jumapili alipiga gitaa kanisani. Watu walitoka hadi Mathare kuja kumsikia. Nami nilimjua baba, hakuwa mtu wa kunusa risasi bure. Nikamwambia kaka, "Hiyo haipigwi mpaka ionwe na mtu anayeijua." Akanicheka. "Dada, wewe unaogopa hata pasi ya stima." Lakini Jumamosi tulikwenda.

Fundi wa bunduki alikuwa Mhindi mzee, mwenye duka lililonuka mafuta ya mashine. Alishusha kipimo cha shaba ndani ya tundu la mtutu, akaweka alama, akakitoa. Kisha akaishika risasi yetu nyekundu.

"Hii imekunjwa mdomo, ndiyo maana inaingia. Ukipiga, mdomo unafunguka." Akaokota ganda la risasi kama hiyo iliyokwisha pigwa, akalilaza kando ya kipimo. Lilikuwa limeizidi ile alama. "Humo ndani mdomo hauna pa kufungukia, unabana njia, na nguvu inarudi kwenye chuma. Tena mtutu wenyewe ni wa kusukwa, wa enzi ya baruti nyeusi, isiyo na nguvu kama ya leo. Huyu anataka risasi fupi, za baruti nyeusi. Mimi sina, na hapa Nairobi sijui atakayekuwa nazo."

Kaka akauliza, zikiagizwa ng'ambo je? Mzee akamulika tochi ndani ya mtutu, akatuonyesha vishimo vya kutu.

"Hata hizo, kijana, singekupa."

"Ukipasuka, unapasukia wapi?" nikauliza mimi.

Akamshika kaka mkono wa kushoto, ule wa kushikilia mtutu, ule ule wa kubana nyuzi za gitaa. "Hapa," akasema.

Nyumbani baba mdogo hakutaka kusikia. "Risasi ni ndefu? Si ikatwe!" Kwetu kila cha urithi hukatwa. Suruali ya marehemu hukatwa miguu, koti hukatwa mikono, mrithi akavaa akaenda zake kanisani. Akaagiza wembe, kweli, akakaa kwenye kigoda na risasi kiganjani. Wallahi nilimpokonya! Nilimpokonya mzee mzima mbele ya watu, nikamwambia, "Baba mdogo, hii si suruali! Hata ukiikata, baruti iliyomo ni ile ile. Mkitaka kelele pigeni debe. Mkono wa mtu hauoti tena."

Mama akanitazama. "Unataka mauti yabaki kwangu?"

"Mama, heri nusu shari kuliko shari kamili."

Kaka ndiye aliyeamua. Aliitazama mikono yake, akasema hatapiga, na Jumatatu akairudisha bunduki kwa polisi.

Siku ya kumaliza matanga, kule nyumbani magharibi, tulipiga ngoma, tukapiga madebe, fahali wakakimbizwa, vijana wakapuliza filimbi mpaka macho yakawatoka. Mama alikaa na mkono shavuni, akingoja mlio mmoja tu. Watu walipoanza kutawanyika alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bado yamo humu."

Mwaka uliofuata kaka aliumwa kichwa. Alirudi kutoka kazini kwa miguu, akalala na viatu vyake. Hospitalini walisema ni homa ya uti wa mgongo. Hakumaliza wiki.

Ugonjwa hauna masikio, haukimbii bunduki. Nililijua hilo wakati ule, nalijua leo, na risasi ile ningeipokonya tena. Lakini kujua hakukunisaidia kitu. Njia nzima ya kumpeleka nyumbani mama hakunisemesha, na nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Nililia kwa ajili ya wote wawili, aliyekufa na aliye hai.

Kabla jeneza halijafungwa, mama aliniita mbele. Nilidhani anataka nimshike asianguke. Akafunua shuka, akaitoa mikono ya kaka, akailaza kifuani, akainyoosha vidole kimoja kimoja. Vya kushoto vilikuwa bado na sugu za nyuzi.

"Haya," akaniambia. "Mikono yake hiyo, mizima. Chukua."