Furu wa Ng'ambo

Ulaya ilipokataa samaki wetu, dada yangu aliendelea kuosha buti zake nyeupe kila Jumamosi, kana kwamba Jumatatu angekwenda kazini. Alikuwa mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja pale Mwanza, na kisu chake ndicho kilichonisomesha mpaka chuo kikuu. Sasa kiwanda kimesimama, wakataji wameambiwa wakae nyumbani hadi waitwe. Mimi nimerudi kwake Buzuruga na shahada yangu, sina kazi, nakula ugali wake na kuwaza.

Kuwaza nilikuweza. Redio iliposema kuna watu wanavua kwa sumu, nilihesabu moyoni samaki wote tuliokwisha kula. Iliposema uchunguzi unaendelea, niliona kiwanda kimeuzwa vyuma chakavu. Jirani yetu fundi cherehani, mpinzani tangu vyama vingi vilipoanza, hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Hii ni siasa," alisema huku akikanyaga pedali. "Ngojeni uchaguzi ukaribie, mtaona samaki wanavyopona."

Jioni moja dada akaniambia, "Si huwa unakwenda kwenye hiyo intaneti mjini? Hebu iulize tutarudi lini kazini."

Nikamweleza kwamba intaneti haiulizwi hivyo.

"Kwani inaulizwaje?"

Mwenyewe nilikuwa nimeigusa mara chache tu. Lakini nilijua hataniomba kitu kingine mwezi ule, na hicho kimoja ningeshindwaje?

Kesho yake nikapanda ghorofani juu ya duka la vifaa vya ofisi, kwenye kompyuta zilizofunikwa vitambaa kama makochi ya sebuleni. Nikatafuta habari za samaki wa Mwanza. Nilipata taarifa za wakubwa wa Ulaya, zote zikisema marufuku itaondolewa watakaporidhika. Wataridhika lini, hakuna aliyeandika. Nilipokuwa karibu kukata tamaa, ukafunguka ukurasa wa mzee mmoja wa nchi ya baridi hukohuko Ulaya. Picha ilishuka polepole, mstari kwa mstari, nikaona mkia mwekundu, halafu ubavu wa buluu. Alikuwa furu. Furu wetu, yule samaki mdogo wa miiba mingi ambaye sangara alimla hadi tukamsahau, anaogelea ndani ya tangi la kioo sebuleni kwa mtu. Chini yake paliandikwa kwamba asili yake ni ghuba ya Mwanza.

Nikachapisha ile picha, na njia nzima nikajilaumu. Nimetumwa jibu, narudi na furu.

Nyumbani nilikuta wakataji wawili wenzake dada wanamsaidia kuchambua dagaa wa kuuza. Picha ikapita mkono kwa mkono.

"Huyu si furu?" dada akasema. "Mama alikuwa anatupikia. Ukimla bila kuangalia, unalala na mwiba kooni."

"Wanamla?" mmoja akauliza.

"Hawamli. Wanamfuga," nikasema. "Wanamlisha, wanambadilishia maji."

"Hee, basi na mimi wanifuge."

Walicheka hadi fundi akasimamisha cherehani kusikiliza. Nilikuwa sijamsikia dada akicheka hivyo tangu kiwanda kifungwe.

"Sasa huyo mtu yuko kulekule wanakotukatalia samaki," alisema alipomaliza kujifuta macho. "Mwandikie. Muulize yeye."

Barua ile iliniondolea usingizi. Niliogopa atadhani naomba msaada. Niliogopa kiwanda kitajua na dada atakosa nafasi yake. Niliandika maelezo marefu juu ya uchumi wa soko huria, nikayafuta yote. Mwishowe nikaandika kwamba dada yangu anakata minofu ya sangara, kwamba aliwala furu utotoni, na kwamba angependa kujua kama huko wanasikia lolote kuhusu samaki wetu kuruhusiwa.

Nilikwenda kuangalia mara nyingi kuliko nilivyomwambia dada. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Mzee hakujua kitu kuhusu marufuku, na aliona aibu kutojua. Hivyo alikuwa ameenda kwa muuza samaki wa mtaani kwake kuuliza. Muuzaji alimwambia wateja wanawaulizia sangara, naye atawaleta siku ileile atakaporuhusiwa. Mzee aliongeza kwamba furu wake wametaga.

Nilimsomea dada nikitafsiri, nikaongeza upesi kwamba hilo si jibu, tarehe hatujapata, muuza samaki mmoja si serikali.

"Ngoja kwanza," akanikatiza. "Huyo mzee alitoka nyumbani kwake, kwenye baridi, akaenda kuuliza kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Hanijui."

"Hakujui."

Akaendelea kuchambua dagaa. "Mungu ambariki," akasema. Na yule fundi, ambaye huwa ana neno kwa kila habari, safari hii hakusema ni siasa.

Asubuhi moja, baada ya redio kutangaza kwamba soko limefunguliwa, gari la kiwanda lilipita kuwachukua. Uchaguzi ulikuwa bado mbali. Fundi alisema hizo ni hesabu za ndani za chama tawala. Dada alivaa buti zilizokuwa nyeupe kuliko siku zilipotolewa stoo. Akiwa mlangoni aligeuka.

"Mwandikie mzee wako. Mwambie nimerudi kazini, na awatunze vizuri hao watoto wa furu."

Nilipanda tena ile ghorofa. Nilianza kufikiria kama niongeze shukrani rasmi, na kama aliyenijibu mara moja tu ataona ni usumbufu. Kisha nikaandika maneno ya dada kama alivyoyasema, nikatuma, nikateremka kwenda sokoni kununua sangara wa chakula cha jioni.