Jibu la Mama Nililolibadilisha

Nikipita karibu na ghala la kununulia kokoa, ile harufu ya mbegu zilizovundikwa, chachu kama togwa iliyolala siku mbili, hunirudisha nyumbani Makwale nikiwa na miaka tisa, mjumbe wa mama yangu.

Mjumbe, ndiyo, na cheo chenyewe nilikipenda. Wakati ule kwetu mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake wala kuzungumza naye. Babu akikatiza uani, mama alijibanza nyuma ya jiko. Mama akienda kisimani, babu aligeukia migomba kana kwamba anahesabu mikungu. Lakini waliishi boma moja, na maneno yao yalipita kwangu. "Mwambie babu chakula tayari." "Mwambie mama yako nyama imeletwa." Nilijiona mtu mkubwa kwa kazi ambayo hata kasuku angeiweza.

Baba alikuwa machimboni Chunya. Mama peke yake alipanda miti ya kokoa upande wa mtoni, akaimwagilia kwa ndoo kiangazi baada ya kiangazi, na mwaka huo ndipo ilipoanza kuzaa. Asubuhi moja babu alikaa uani na wazee wawili wa ukoo, pamoja na baba mdogo Ambakisye, aliyekuwa ametoka kuoa. Akaniita.

"Kamuulize mama yako. Nataka lile shamba la mtoni nimpe Ambakisye. Anasemaje?"

Mama alikuwa anapepeta mchele nyuma ya jiko. Alishasikia, akiurusha ungo kwa hasira.

"Mwambie nimekataa. Ile miti nimeipanda mimi, hakuna aliyenisaidia hata ndoo moja. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Zilikuwa hatua kama ishirini tu. Nilipopiga magoti, wazee wote wakanitazama kwa upole, babu akitabasamu. Badala ya maneno ya mama nikatoa jibu nililozoea kulipeleka kila siku, asante ya kwetu.

"Mama anasema ndaga."

"Ndaga fijo," babu akaitikia, taratibu. Mzee mmoja akasema, "Huyu mtoto ana adabu."

Nyuma ya jiko ungo ukanyamaza. Nilisubiri mama atoke, avunje mwiko, aniumbue. Hakutoka. Wazee walishapokea jibu kwamba amekubali, na kulikana kungemfanya aonekane anamgeuka mkwe wake mbele ya ukoo. Shamba likaenda kwa Ambakisye, na mama hakunichapa. Mchana alinipakulia wali kama kawaida, ila tangu siku hiyo alimtuma mdogo wangu Tumpe, ambaye nusu ya maneno aliyasahau njiani. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba babu alikuwa ameshaamua, hata ningesema kisingebadilika kitu. Kisha nilipomaliza shule nikapewa kazi ya kumuuguza. Siku moja nikimlisha uji, akaanza mwenyewe.

"Lile shamba la mtoni. Nilijua mama yako atakataa. Nilishamwambia Ambakisye ajiandae kutafuta kwingine. Mama yako alinishangaza."

Hapo ndipo ningesema. Nikamfuta kidevu, nikamwongezea uji.

Msibani kwake mama hakudondosha chozi, na wanawake wakanong'onezana kwamba ana roho ngumu. Nilikaa naye mkeka mmoja, nikanyamaza. Hadi leo anaamini babu alimnyang'anya jasho lake bila kujali angejibu nini.

Zamani nilidhani niliwaogopa wale wazee. Si kweli, nawaambia ninyi. Nilipenda kuitwa mtoto mwenye adabu, na kwa ajili ya sifa hiyo nikaipunguza hasira isiyokuwa yangu. Katika miaka yote waliyoishi boma moja, nilipeleka mamia ya habari za chakula na kuni. Neno la moyoni mama alijaribu kumwambia babu mara moja tu, na halikumfikia.