Sista wa Filamu na Mtamba wa Nkoaranga

Nilikuwa nauza vitambaa Kaloleni nilipopata kazi ya kuigiza sista. Filamu ilihusu maisha ya mwanamke mshairi aliyetunga mashairi ya mapenzi kwa miaka mingi, kisha akaingia utawani. Mwongozaji alinichagua kwa sababu nashika mashairi haraka. Kwamba mimi ni Mwislamu hakujali. Aliyejali ni mama yangu.

"Basi vaa mtandio wako chini ya hicho kilemba chao," aliniambia. Nikavaa.

Tulirekodi Nkoaranga, kwenye nyumba ya zamani katikati ya migomba. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, niliteremka njiani kunyoosha miguu nikiwa na joho langu jeupe. Bibi mmoja akachomoza migombani, mikono imelowa.

"Sista! Mungu amekuleta! Mtamba wangu anazaa toka asubuhi, ndama amekwama. Njoo umwombee."

"Shikamoo bibi. Mimi kwa kweli si..."

"Marahaba. Najua, wewe Mkatoliki, mimi Mlutheri. Ng'ombe hana dhehebu. Twende!"

Akanikokota mpaka bandani. Mtamba alikuwa amelala, macho yamemtoka. Bibi alikwisha kufunga kamba kwenye miguu ya ndama, sasa akawa ananingoja mimi. Nikafumba macho nitafute dua, dua zote zikanikimbia. Kilichobaki kichwani ni mistari niliyoikariri wiki nzima, nayo ikanitoka kwa sauti:

"Ewe mwenye macho ya asali, mlango nimeuacha wazi, njoo, usinikawize..."

"Amina! Vuta!"

Tukavuta. Nikateleza, nikakaa kwenye mavi, na ndama akaniangukia mapajani, mzima, akipiga chafya. Bibi alicheka huku analia. Alipomaliza kumpangusa kwa majani, akanitazama vizuri.

"Sala nzuri, sista. Ila huyo mwenye macho ya asali ni malaika gani?"

Nikamweleza ukweli wote, mpaka mtandio nikamwonyesha. Akamgeukia ndama.

"Sawa," akasema. "Lakini si ametoka?"

Joho lilikuwa hilo hilo moja. Mwongozaji aliponiona alishika kichwa. Tulilifua kwa kila aina ya sabuni, doa la kahawia likagoma.

Filamu ilipoonyeshwa mjini, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza lile doa kwenye joho linaashiria nini.

"Ulimwengu alioukimbia," mwongozaji alijibu bila kupepesa macho.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi niliinama kana kwamba natafuta kiatu.