Mtu Aliyehesabu Chembe kwa Jicho

Shemeji wa mtafiti mmoja, mume wa dada yake, alipoambiwa kwamba mwenzake anatafiti chembe sahani za damu, alicheka hadi akashika mbavu.

"Sahani? Mbona hata jikoni zipo."

Kitabu cha mwisho ambacho shemeji huyo alikifungua kilikuwa daftari la mahudhurio. Kumweleza mtu wa aina ile kwamba ukijikata ni chembe hizo ndogo zinazokimbilia jeraha na kuziba damu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kimoja cha maabara ya hospitali, ghorofa ya chini, hadubini yake ikiwa imeegemezwa dirishani apate mwanga. Alichunguza watoto wenye madoa mekundu miguuni yasiyo na sababu, na familia zilizorithishana kutokwa na damu puani. Aliandika makala kumi na moja. Si nyingi, lakini hakuna hata moja aliyolazimika kuifuta.

Alikuwa na utaratibu wake. Mashine ikisema damu ya mtu ina chembe chache, yeye huitandaza damu hiyo kwenye kioo, akaipaka rangi na kuitazama mwenyewe kabla ya kuandika lolote. Mkurugenzi wa maabara aliuona huo ni ushamba. Bwana huyo alipata cheo kwa kujua kufungulia wakubwa milango ya magari; hadubini aliishika mara moja, siku ya kupigwa picha.

"Mzee, mashine tumenunua ili tupumzike."

"Pumzika wewe, bosi."

Ndipo ikaletwa damu ya mshonaji mmoja wa nguo. Miaka miwili mashine ilikuwa ikimsomea chembe haba, naye akameza vidonge vikamvimbisha uso. Sasa alikuwa amepangiwa siku ya kutolewa wengu, ikidhaniwa ndio unaoziharibu chembe zake. Mtafiti alitazama kiooni akakuta chembe tele, ila zimeshikana mafungu mafungu. Vichupa vyenye kifuniko cha zambarau vina dawa ya kuzuia damu isigande; kwa watu wachache, dawa hiyohiyo huzinatisha chembe, na mashine hulipita fungu kana kwamba hakuna kitu. Akaandika: chembe zinatosha, msimpasue.

Majibu ya miaka yote miwili yalikuwa na saini ya Mkurugenzi. Alipoona aibu inamjia, aliwahi yeye. Aliandika barua kwamba mtafiti amepika takwimu, akasambaza nakala idara zote.

"Ukiondoka kimya, nitasema umestaafu," alimwambia.

"Nina watoto wanaotumia jina langu."

"Jina haliliwi, mzee."

"Kwako wewe, haliliwi."

Hakuwa na shamba wala nyumba ya kupangisha. Jina safi ndilo pekee alilowawekea wanawe, na sasa lilikuwa linapitishwa ofisini kama karatasi ya kufungia karanga.

Kikao kiliitishwa, watu saba mezani, yeye na Mkurugenzi wakiwemo. Mtafiti hakuhutubia. Aliomba mshonaji atolewe damu palepale, mbele ya wote, katika vichupa viwili: kimoja cha zambarau, kingine cha buluu chenye dawa tofauti. Fundi wa maabara alivipitisha kwenye mashine ileile. Zambarau: elfu kumi na nane. Buluu: laki mbili na elfu kumi.

"Kwa hiyo damu yangu haina ubaya?" mshonaji aliuliza.

"Haina, mwanangu. Ubaya uko kwenye kichupa."

"Na uso huu wa puto, nimpelekee nani?"

Sita waliinamia makaratasi yao. Mtafiti peke yake ndiye aliyemtazama.

Walipotoka, Mkurugenzi alimfuata kwenye ujia, sauti imelainika.

"Yameisha, kaka. Tuandike makala ya pamoja. Jina lako litangulie."

Mtu aliyenunuliwa kwa bei ndogo hudhani kila mtu yuko sokoni.

"Makala nitaandika mwenyewe," mtafiti alisema. "Wewe andika barua ya kufuta ile ya kwanza. Nakala idara zilezile."

Ilichukua siku nne. Barua ikaja: mistari mitatu, makosa matano. Mtafiti aliisahihisha kwa wino mwekundu, nukta kwa nukta, akamrudishia. Ilipoandikwa upya ikiwa haina doa, ndipo alipoipokea.