Jelato ya Yusta haijajazwa hewa

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeukalia mji wa Iringa, na Yusta Kihwele ameinamia sufuria ya maziwa. Anakoroga polepole kwa mwiko, jicho lake halibanduki. Maziwa yakichemka kupita kiasi, kazi ya leo imeharibika.

Anatengeneza jelato, aiskrimu ya Kiitaliano. Alijifunza kuitengeneza kwa mtawa mmoja wa Kiitaliano alipokuwa mwosha vyombo katika nyumba ya wageni ya misheni. Mtawa aliporudi kwao alimwachia mashine kuukuu ya kukorogea.

Miezi ya kwanza ya biashara ilimtoa machozi. Wateja walilalamika kwamba kikombe ni kidogo, bei ni shilingi elfu mbili, na tena jelato yenyewe ni laini kana kwamba imeanza kuyeyuka. Vitus, dereva wa bajaji, alitaka arudishiwe hela yake.

Yusta hakubishana naye. Alinunua aiskrimu ya dukani, akaijaza kwenye kikombe kama chake, akaviacha vyote viwili juani. Vilipoyeyuka, cha dukani kilibaki nusu, juu povu. Chake kilipungua kidogo tu.

“Ile nusu nyingine ulinunua hewa, kaka,” alimwambia.

Akamweleza kwamba aiskrimu ya kiwandani hupigwa kwa kasi ili ivimbe, huwekwa krimu nyingi, kisha hugandishwa hadi iwe ngumu. Jelato ina maziwa mengi kuliko krimu, hukorogwa taratibu na haigandishwi sana. Kwa hiyo ulimi haufi ganzi, na ladha ya tunda inafika mapema. Tangu siku hiyo Vitus humletea abiria wake.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka jana. Mzee Anania wa Mafinga, mwenye kiwanda cha mbao, alimwagiza jelato ya pasheni kwa harusi ya binti yake, Lugano. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Siku moja kabla ya harusi, umeme ukakatika mtaa mzima na mashine ikanyamaza.

Mumewe, Benjamini, alimshauri anunue aiskrimu dukani na kuipanga kwenye vikombe vyake.

“Mama Blessing, nani atajua?”

“Atakayelamba kijiko cha kwanza,” Yusta alijibu.

Alikwenda sokoni kwa wauza samaki, akanunua barafu na chumvi ya mawe. Akaweka ndoo ya chuma ndani ya pipa, akazungushia barafu iliyochanganywa na chumvi, ambayo huwa baridi kuliko barafu tupu. Yeye, mumewe na msaidizi wake, Esta, wakapokezana mwiko mchana kutwa. Mikono ilichubuka. Benjamini, aliyetaka njia ya mkato, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuweka mwiko chini.

Jelato ilitoka na chembechembe za barafu. Siku ya harusi, kabla ya kuigawa, Yusta alimfuata mzee Anania, akamweleza yote, na kumwambia akiikataa ataelewa. Mzee alionja. Akaonja tena.

“Wape watu, mwanangu,” alisema. “Na mimi uniwekee.”

Ukumbini watu walirudi kuomba nyingine. Miongoni mwao alikuwamo Pendo, mwenye hoteli jijini Mbeya, ambaye sasa humwagiza kila wiki.

“Wengi hunipunguzia bei,” anasema Pendo. “Yusta aliniambia kwanza kasoro za bidhaa yake. Mtu wa namna hiyo simwachi.”

Sasa Yusta anataka kufungua duka Mbeya, auze jelato ya parachichi za Rungwe. Chumba ameshakipata. Hata hivyo hajakilipia, kwa sababu wiki hii amemtuma Esta akaonje maziwa ya huko.

“Akisema ni mazito, nafungua duka,” anasema huku akifuta mwiko. “Akisema yana maji, naanza kwa kununua ng’ombe.”